Hukumu ya Watazamaji: Picha na Mjadala wa Umma Tangu Karne ya 19

Swali la namna picha zinavyoathiri mjadala wa umma limezoeleka kujibiwa kwa kuichunguza picha yenyewe: ilipigwa na nani, inaonyesha nini na inatisha kiasi gani. Uchambuzi huu unashika njia nyingine, nayo ni kuwachunguza watazamaji. Historia ya zaidi ya miaka 150 inaonyesha kwamba picha zinazolingana kwa ukali zimekuwa na matokeo yasiyolingana hata kidogo, baadhi zikiitikisa mihimili ya dola na nyingine zikipita kama upepo, na tofauti hiyo haielezeki mpaka ijulikane waliozitazama walikuwa nani, walizitazamia wapi, waliambiwa nini juu yake, na walikuwa na uwezo gani wa kudai jambo baada ya kuziona. Kwa mjadala wa umma hapa yanakusudiwa mabishano ya wazi kuhusu mambo yanayowagusa watu wote, yawe bungeni, magazetini, katika nyumba za ibada au barabarani. Kwa mwitikio wa watazamaji zinakusudiwa hisia, kama vile huruma, hasira na kinyaa, pamoja na vitendo vinavyozifuata: kuandika barua, kuchanga fedha, kuandamana, kupitisha maazimio, au hata kuikataa picha na kumshambulia aliyeipiga.

Wanafikra walioshughulikia suala hili hawakubaliani. Susan Sontag wa Marekani, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu upigaji picha, alishikilia kwamba wingi wa picha za mateso humzoeza mtazamaji kiasi cha kumtia ganzi, na kwamba picha haiwezi kuzaa msimamo wa kimaadili, ingawa inaweza kuuimarisha uliopo na kuukuza ule unaochipua. Katika kitabu chake cha 2003 kuhusu kuyatazama maumivu ya wengine, aliirudia hoja yake ya ganzi na kuitilia shaka yeye mwenyewe. Ariella Azoulay, katika kitabu kilichotoka 2008, alipendekeza picha ichukuliwe kuwa aina ya mkataba wa kiraia kati ya aliyepigwa picha, aliyeipiga na anayeitazama, mkataba unaomtwika mtazamaji wajibu na kumtoa katika nafasi ya mpita njia. Mifano itakayofuata inaelekeza kwenye hitimisho moja: picha haitoi hukumu, bali hukumu hutolewa na watazamaji, nayo hupata nguvu pale yanapokutana mambo matatu, yaani shahidi anayeithibitisha picha, mahali pa watu kuitazama kwa pamoja, na dai mahususi linaloelekezwa kwa chombo chenye uwezo wa kulitekeleza.

Mwanzo: picha bila magazeti ya picha

Katika miongo ya kwanza ya upigaji picha, magazeti hayakuwa na njia ya kuchapa picha moja kwa moja. Fundi alilazimika kuichora upya na kuichonga kwenye ubao kabla ya kuipaka wino. Kwa hiyo waliotaka kuiona picha halisi waliifuata ilipo. Oktoba 1862, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mpigapicha Mathew Brady alionyesha katika jumba lake jijini New York picha za maiti wa vita vya Antietam, zilizopigwa na Alexander Gardner, na wakazi wa mji ambao vita vilikuwa kwao orodha ya majina gazetini wakajikuta wanaziangalia nyuso za waliokufa.

Mwaka uliofuata picha ya mgongo wa mtu aliyetoroka utumwani Louisiana na kufika kambini kwa jeshi la Muungano huko Baton Rouge, mgongo uliojaa makovu ya mijeledi yaliyopandana, ilisambazwa kwa kadi ndogo zilizouzwa na kupitishwa mkono kwa mkono, kisha gazeti la Harper's Weekly likaichapa kwa njia ya kuchonga tarehe 4 Julai 1863. Picha hiyo ilipokewa na vuguvugu la kukomesha utumwa ambalo lilikuwa na miaka mingi ya mikutano, magazeti na wasemaji wake, na ndiyo maana ilipata pa kutua. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na kuwa msemaji mkuu wa vuguvugu hilo, aliifikiria kamera kwa namna nyingine: alipigwa picha nyingi mno, akiwa amevaa nadhifu na kumkazia macho mtazamaji, kwa kuwa aliamini kwamba sura ya mtu mwenye heshima zake ingezijibu katuni zilizowadhalilisha watu weusi. Tangu mwanzo, basi, zilikuwepo aina mbili za ushahidi, picha ya jeraha na picha ya heshima, na mvutano kati yake haujaisha hadi leo.

Kongo ya Leopold: mfano wa hukumu iliyopangwa

Mfano unaostahili kuchunguzwa kwa kina ni wa Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitawala kama mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu wa mpira cha kupeleka, na walinzi wenye bunduki waliwaadhibu walioshindwa kukitimiza kwa kuwachapa mijeledi ya ngozi ya kiboko, kuwashika mateka wake zao, kuwaua, na kuikata mikono ya maiti ili kuwathibitishia wakubwa wao kwamba risasi hazikupotea bure.

Mjadala kuhusu unyama huo haukuanzishwa na picha. Bunge la Uingereza lilikwisha kupitisha azimio kuhusu Kongo mwezi Mei 1903, na ripoti ya balozi mdogo Roger Casement ilichapishwa Februari 1904. Lakini Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imeyaondoa majina ya watu na mahali na kuweka herufi tu, jambo lililowapa watetezi wa Leopold nafasi ya kudai kwamba habari hizo zimetiwa chumvi. Mwezi uliofuata iliundwa Congo Reform Association, jumuiya ya kupigania mageuzi Kongo iliyoongozwa na katibu wake, E. D. Morel, ikiwa na hoja nyingi na ushahidi ambao wapinzani wangeweza kuubishia.

Mei 1904 mmishonari Mwingereza Alice Seeley Harris alikuwa katika kituo cha Baringa, ndani ya eneo la kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR, alipofika mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na kiganja na wayo wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni. Picha aliyoipiga Harris inamwonyesha Nsala ameketi barazani, macho yake yameviinamia vipande viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake. Hakuna damu, hakuna muuaji, hakuna anayelia. Asiyeambiwa kitu angeweza kudhani kwamba huyu ni mtu aliyekaa kutafakari, mpaka jicho lake litambue kilichopo sakafuni. Kinachombana mtazamaji ni kwamba anamwangalia baba anayeangalia, hivyo hawezi kuuona ushahidi bila kwanza kukutana na mwenye msiba. Katika picha nyingine za kampeni hiyo, vijana waliokatwa mikono walivishwa kitambaa cheupe na kigutu kikawekwa mbele ya weupe huo ili kionekane vizuri, jambo linaloonyesha kwamba wapigapicha walikwisha kumfikiria mtazamaji wa mbali, pamoja na shaka zake, kabla ya kufyatua kamera.

Picha hizo zilifika kwa umma kupitia vitabu na vijitabu vya Morel, na zaidi kupitia taa ya picha, yaani sanduku lenye mwanga mkali na lenzi, lililotupa kwenye kitambaa cheupe taswira iliyomo katika bamba la kioo. Harris na mumewe John walihutubia mamia ya mikutano nchini Uingereza na Marekani, wakikaribishwa katika makanisa na kumbi za miji. Mikutano hiyo ilikuwa na utaratibu wake: nyimbo za dini na sala, kisha picha moja baada ya nyingine na maelezo ya mtu aliyekuwepo, pengine na minyororo na mijeledi halisi ikionyeshwa jukwaani, na mwishowe azimio la kuitaka serikali ichukue hatua, lililopigiwa kura na kupelekwa kwa wahusika. Katika utaratibu huo mambo matatu yaliyotajwa hapo juu yalikutana chini ya paa moja: shahidi aliyesema "nilikuwepo", umati uliotazama pamoja, na dai lenye anwani. Machozi ya gizani yaligeuzwa kuwa karatasi yenye sahihi kabla watu hawajarudi makwao. Athari ya kamera ilikuwa dhahiri kiasi kwamba Mark Twain, katika kijitabu chake cha 1905, alimfanya Leopold wa kubuni ailalamikie kamera ndogo ya Kodak kuwa ndiyo iliyomharibia mambo.

Upande wa Leopold nao uliwafahamu watazamaji. Kijana aitwaye Epondo, ambaye Casement alimchukulia kuwa mhanga wa walinzi, baadaye alisema kwamba mkono wake uling'atwa na nguruwe mwitu, na watetezi wa mfalme wakaitumia kauli hiyo kuwafundisha wasomaji kuishuku kila picha ya kigutu. Mabishano hayo yalibainisha kwamba picha huthibitisha kuwepo kwa jeraha, lakini sababu ya jeraha huhitaji ushahidi mwingine. Ushahidi huo ulitolewa na Wakongo wenyewe. Mbele ya Tume ya Uchunguzi ambayo Leopold alilazimika kuiunda mwaka 1904, chifu Lontulu wa Bolima aliweka chini vijiti 110, kila kijiti kikimwakilisha mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Tume hiyo, iliyotarajiwa kumsafisha mfalme, katika ripoti yake ya 1905 ilithibitisha sehemu kubwa ya tuhuma, na mwezi Novemba 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na mipaka iliyochorwa na watazamaji wale wale. Waliokaa katika kumbi za London na Boston walimwona Nsala kama mtu wa kuokolewa, na dai walilolitoa lilikuwa kubadilisha mtawala; hawakuuhoji utawala wa kikoloni wenyewe, ambao Uingereza iliuendesha kwingineko Afrika. Kazi za kulazimishwa ziliendelea Kongo chini ya Ubelgiji, na jumuiya ya mageuzi ilijivunja mwaka 1913 ikiamini imemaliza kazi. Picha iliwapa nguvu, lakini ukubwa wa swali waliupanga wenyewe.

Picha iliyotolewa na wenye msiba

Hali hubadilika pale uamuzi wa kuonyesha unapofanywa na wafiwa au na jamii yao. Agosti 1955 Emmett Till, kijana mweusi wa Chicago mwenye umri wa miaka 14, aliuawa Mississippi alikokwenda kuwatembelea jamaa zake. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe, akataka dunia ione mwanawe alivyofanywa. Maelfu kwa maelfu ya watu walipita mbele ya jeneza hilo, na jarida la Jet, lililosomwa na watu weusi, likachapa picha ya uso ulioharibiwa mnamo Septemba 15. Magazeti makubwa ya wazungu hayakuichapa, na baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, liliwaachia huru washtakiwa baada ya kujadiliana kwa muda wa saa moja hivi. Kwa kigezo cha mahakama, picha hiyo ilishindwa. Lakini watazamaji wake halisi walikuwa vijana weusi wa rika la Till, ambao walijiona wenyewe ndani ya jeneza lile, na wengi wa waliojitokeza katika harakati za haki za raia miaka michache baadaye waliitaja kuwa ndiyo iliyowaamsha. Hapa mtazamaji hakumhurumia mtu wa mbali, bali alitambua hatari inayomkabili yeye mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa maandamano ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1976 Sam Nzima, mpigapicha wa gazeti la The World, alipiga picha ya Mbuyisa Makhubo akikimbia huku amembeba Hector Pieterson aliyepigwa risasi na polisi, na dada yake Hector, Antoinette, akikimbia kando yao huku mkono ameuinua kwa mfadhaiko. Serikali ya makaburu ilikuwa imezoea kuyaeleza maandamano kuwa fujo za wahuni. Picha hiyo, yenye mtoto wa shule, sare na uchungu wa dada, iliinyima maelezo hayo mahali pa kusimama. Siku tatu baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani mauaji hayo kwa azimio namba 392, na wapinzani wa ubaguzi duniani walikuwa na dai lililo tayari, yaani vikwazo na kutengwa kwa Afrika Kusini. Tanzania iliwapokea vijana waliokimbia baada ya maasi hayo, na serikali yake ikakipatia chama cha ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, ambako kilijengwa Chuo cha Solomon Mahlangu. Nzima mwenyewe alilipa gharama ya picha hiyo, kwani alilazimika kuiacha kazi na kurudi kijijini huku akifuatiliwa na polisi. Tangu 1991, Juni 16 huadhimishwa kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika.

Huruma inapolipotosha swali

Mifano iliyotangulia isimfanye msomaji aamini kwamba kutazama huelekea kwenye haki kila mara. Oktoba 1984 Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa Nairobi na kuanza kazi ya kamera akiwa kijana Dar es Salaam, alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, kwa filamu iliyorushwa na BBC, na watazamaji waliitikia kwa michango ambayo dunia ilikuwa haijaizoea, hadi kufikia tamasha la Live Aid la Julai 1985. Maisha mengi yaliokolewa, na kazi ya Amin inastahili heshima kwa hilo. Lakini umma uliona ukame na miili iliyokonda, wala haukuona vita na sera za serikali ya Mengistu zilizoigeuza njaa kuwa silaha, hivyo mjadala ukawa wa nani achange kiasi gani, na swali la nani alaumiwe likasukumwa pembeni. Mashirika ya misaada ya Ulaya yalikiri tatizo hilo kwa kupitisha, mwaka 1989, mwongozo wa maadili uliokataza kuwaonyesha watu wa nchi maskini kama viumbe wasio na uwezo wala heshima.

Machi 1993 gazeti la New York Times lilichapa picha ya Kevin Carter iliyopigwa Ayod, kusini mwa Sudan: mtoto aliyeinama ardhini kwa njaa na tumbusi aliyetua nyuma yake. Wasomaji wengi waliuliza hatima ya mtoto, hata mhariri akalazimika kuchapa taarifa kwamba alikuwa na nguvu za kuendelea na safari, lakini haikujulikana kama alikifikia kituo cha chakula. Swali la wasomaji lilikuwa la kiutu, ila lilipogeuka kuwa kesi dhidi ya mpigapicha, aliyeshinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1994 na kujiua miezi michache baadaye, wapiganaji waliozuia chakula na serikali zilizowapa silaha walitoka nje ya fremu ya mjadala.

Upotoshaji mkubwa zaidi ulitokea mwaka huo huo wa 1994. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipokuwa yamepamba moto mwezi Aprili, picha za mauaji yenyewe zilikuwa chache, na Baraza la Usalama likapunguza kikosi chake mjini Kigali. Mwezi Julai, mamia ya maelfu ya watu walipovuka mpaka wa Rwanda kuingia Goma na kipindupindu kuwafyeka mbele ya kamera nyingi, misaada na majeshi ya uokoaji yalifika kwa haraka. Watazamaji wengi waliamini kwamba wanawaona wahanga wa mauaji ya kimbari, ilhali makambi yalikuwa na wauaji waliokimbia na silaha zao, ambao walijipatia chakula na mamlaka kutokana na misaada hiyo, hadi tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likajiondoa Novemba 1994. Picha za Goma hazikudanganya, kwani kipindupindu kilikuwepo na watoto walikufa. Kilichokosekana ni maelezo ya nani ni nani.

Kenya ya kikoloni inatoa fundisho la pili kuhusu kisichopigwa picha. Baada ya wapiganaji wa Mau Mau kuwaua wakazi wa Lari usiku wa Machi 26, 1953, serikali ilieneza picha za maiti na majivu ya nyumba, nazo ziliwathibitishia wasomaji wengi wa Uingereza kwamba vita ni kati ya ustaarabu na ushenzi. Mauaji ya kulipiza kisasi yaliyofanywa na vikosi vya upande wa serikali hayakuonyeshwa. Mwaka 1959, wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, hapakuwa na picha ya tukio hilo, na maelezo ya kwanza ya serikali yalidokeza kwamba walikufa kutokana na maji waliyokunywa. Uchunguzi wa vifo na mjadala mkali wa Bunge mwezi Julai ndio ulioufichua ukweli. Kutokuwepo kwa picha si ushahidi kwamba jambo halikutendeka, na umma unaosubiri kuona ndipo uamini humwachia mwenye funguo za kambi uamuzi wa kipi kijadiliwe.

Wajibu wa mtazamaji wa sasa

Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini mifano hii inaonyesha kwamba macho ya umma yana mapazia kadhaa: mazoea, chuki, hamu ya kusikitika bila kuwajibika, na mipango ya wenye mamlaka. Simu zimeongeza kasi, ila hazijayaondoa mapazia hayo. Septemba 2015 picha ya mtoto wa Kisyria aliyekutwa amekufa ufukweni Uturuki ilienea duniani kwa saa chache, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu mfuko mmoja wa Msalaba Mwekundu wa Sweden ulionyesha kwamba michango ilipanda ghafla na kurudi chini ndani ya wiki chache. Huruma ilikuwepo, lakini ukumbi wa kuitunza na dai la kuielekeza havikudumu. Juu ya hayo, picha zinazoundwa na kompyuta sasa zimewapa wakosaji kisingizio kipya cha kuikana hata picha ya kweli, kama ilivyofanyika kwa kauli ya Epondo.

Kwa hiyo anayeitazama picha ya mateso hana budi kuuliza maswali manne kabla ya kuisambaza au kuipuuza: ni nani anayeithibitisha, ni kitu gani kimebaki nje ya fremu, je, aliyemo au wafiwa wake wangeridhia itazamwe hivyo, na ni dai gani litolewe, kwa nani. Jamii inayojifunza kuuliza hivyo shuleni, katika vyumba vya habari na ndani ya familia huwa ngumu kuchezewa na propaganda, na ngumu pia kunyamazishwa. Picha itaendelea kuwa shahidi. Kazi ya kumhoji shahidi huyo, kuamua na kudai ni ya watazamaji, na hakuna kamera itakayowavua wajibu huo.